Ukitaka watoto wajue msitu, tafuta kwanza pesa ya basi

Mwalimu mwenzangu, kama shule yako imepakana na msitu na unawaza masomo ya nje, usikimbilie mfadhili wa mbali. Nimesimamia klabu ya mazingira kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huku Kilifi, na kinachotukwamisha si ruhusa wala maarifa. Ni basi na chakula cha mchana.

Miche utaletewa tu. Wafadhili wanaipenda kwa sababu hupendeza kwenye picha. Nimeona shule ikipokea miche katikati ya kiangazi, haina pipa la maji wala ua wa kuzuia mbuzi. Mbuzi walishukuru. Basi ukiulizwa unahitaji nini, taja usafiri, mtu wa kuwatembeza watoto, na wa kumwagilia kitalu likizoni.

Ushirikiano unaonivutia uko hapa hapa. Kupitia mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, shirika la A Rocha Kenya la Watamu hutumia mapato ya utalii, yakiwemo ya daraja la mbao linalopita juu ya mikoko ya Mida, kulipia basari za sekondari kwa watoto wa jirani na msitu. Faida ya msitu inaingia nyumbani ikiwa risiti ya karo, na mzazi akiishika mkononi, mazungumzo ya kutokata nguzo yanakuwa mepesi. Ila watalii wana misimu yao. Korona ilipofunga njia mwaka 2020, pwani nzima ilionja. Usitegemee mfuko mmoja.

Wazazi nao ni mtaji. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede unanunua pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, kutoka kwa wanakijiji wanaowafuga. Mama anayefuga anajua kiwavi yupi anakula jani lipi, kuliko mimi na kitabu changu. Mwalike afundishe kipindi, na umlipe nauli yake.

Halafu kaonane na chama cha jamii cha msitu. Sheria ya misitu ya 2016 inakipa nafasi ya kushiriki katika usimamizi pamoja na KFS, shirika la serikali la misitu, kwa hiyo omba ziara za shule ziandikwe kwenye mpango wao. Ahadi ya mdomo huondoka na mwenyekiti aliyeitoa. Barua ya kuomba pesa kwa kaunti ipeleke mapema. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, na ukitokea Juni utaambiwa pesa zimekwisha.