Kikohozi Alichokipata Kwetu: Ushauri wa Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Mtoto yule aliletwa kwetu kwa sababu ya uji wa moto uliommwagikia mkononi. Alikuwa na umri wa miezi kumi, hana homa, hana mafua, ananyonya vizuri, nasi tukamlaza kwenye kitanda kilichokuwa wazi, ambacho kilipakana na cha mtoto mwenye nimonia. Siku ya sita kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, lakini usiku mama yake aliniita akaniambia kwamba kifua cha mwanawe kinabana. Nilipomfunua khanga niliona mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na kipima oksijeni kilisoma asilimia 86. Alikaa kwenye oksijeni siku nne, akapona, akaruhusiwa, na mama yake alitushukuru sana. Shukrani zile zilinilemea, kwa kuwa kikohozi kile hakutoka nacho nyumbani, alikipata kwetu.

Nafanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, na tangu usiku ule nimejiwekea desturi ya kuhesabu siku. Dalili za homa ya mafua huanza kati ya siku 1 na 4 baada ya mtu kuambukizwa, na virusi vya RSV, ambavyo hushambulia njia ya hewa na huwaumiza zaidi watoto wachanga, kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 6. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa bila kikohozi, kisha akaanza kukohoa siku ya sita au ya saba, yamkini ameambukizwa wodini, na jambo hilo liandikwe kwenye faili lake na lisomwe katika ripoti ya zamu hata kama linatuaibisha.

Kosa letu kwa mtoto yule lilifanyika mlangoni. Tulimuuliza mama kuhusu uji na kidonda, hatukumuuliza kuhusu kikohozi, wala hatukufikiria ni nani atakayelala jirani yake. Siku hizi swali la kikohozi na homa huulizwa kabla ya kuchagua kitanda, na huulizwa mara mbili: kwa mgonjwa, kisha kwa yule anayemuuguza, kwa sababu mama mwenye mafua atalala wodini usiku na mchana kama mwanawe. Wanaokohoa tunawaweka upande mmoja, na kati ya kitanda na kitanda tunajitahidi kuacha nafasi isiyopungua mita 1. Msimu wa masika, wodi inapofurika na watoto wawili kulazimika kulala kitanda kimoja, tunawaunganisha wenye ugonjwa unaofanana na kuwalaza kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake. Wachanga, wenye utapiamlo na wenye maradhi ya moyo hukaa mbali na upande huo. Mtoto anayeshukiwa kuwa na surua hahesabiwi humo kabisa. Huyo anahitaji chumba chake mwenyewe, maana virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Barakoa tunawapa wazazi wanaokohoa na watoto wakubwa, lakini mtoto wa umri wa miaka mitano au chini yake hatumvalishi.

Jambo ninalolisimamia kuliko yote ni madirisha. Mchana huwa wazi, lakini ikifika saa mbili usiku akina mama huyafunga moja baada ya jingine kwa hofu ya baridi na mbu, na alfajiri unapoingia unakuta vioo vinatiririka maji ya pumzi za watu arobaini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wodi ya kawaida inayotegemea upepo wa nje ipate hewa mpya lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na lita 160 mahali wanapolazwa wenye magonjwa yanayoenea kwa hewa. Hatuna kifaa cha kupima kiasi hicho, ila utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, unatia moyo: vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa zaidi ya mara mbili ya vile vilivyotegemea mitambo, na majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyashinda yale mapya. Wanaokarabati wodi kuukuu kwa kushusha dari na kupunguza madirisha wangefikiri mara mbili. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na wekeni wavu wa mbu, ambao bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku za oksijeni. Mama mmoja aliwahi kuniambia, “Sista, upepo huo ndio utakaomuua mwanangu.” Sikumkemea. Nilileta blanketi la pili, tukasogeza kitanda kutoka mkondo wa upepo, nikamwonyesha namna ya kumlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na dirisha likabaki wazi.

Kuhusu mikono, sote tumefundishwa nyakati tano za kuitakasa, na ninayoiona ikisahaulika zaidi ni ya tano, yaani baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa. Muuguzi hurekebisha dripu, akashika chuma cha kitanda, kisha akaenda kwa mtoto wa pili akiamini kwamba hajamgusa mtu, ilhali virusi vya RSV huweza kuishi saa kadhaa juu ya vitu vigumu. Glavu hazimsaidii ikiwa jozi moja inatoka kitanda hadi kitanda. Kitakasa mikono chenye spiriti kikae miguuni pa kitanda, mkono ukifike bila safari, na kisuguliwe kwa sekunde 20 hadi 30. Mikono yenye uchafu unaoonekana ioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60.

Vyuma vya vitanda, vitasa na meza vioshwe kwanza kwa sabuni, ndipo vipanguswe kwa klorini ya asilimia 0.1, ambayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya dawa yenye klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 34 za maji, kila siku upya. Kipima oksijeni, kipimajoto na stethoskopu vifutwe kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto. Chupa ya plastiki ya mililita 500 tunayoitoboa ili kumpa mtoto dawa ya kuvuta iandikwe jina lake na isipewe mwingine.

Wageni tumewapunguza hadi mmoja kwa kila mgonjwa, na watoto wa shule tunawaomba wabaki nje. Utafiti wa familia za Kilifi, Kenya, ulionyesha kwamba mara nyingi ndugu wakubwa wanaosoma ndio wanaoingiza RSV nyumbani na kumfikia mchanga. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wakija wodini watakuja bila virusi hivyo.

Linabaki la sisi wenyewe, na hapa naungama. Kwa miaka mingi nilikuja kazini na mafua, nikimeza vidonge na kujihesabu mwaminifu kwa kutowaachia wenzangu zamu, hali mtu mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili. Namwomba kila muuguzi mfawidhi atangaze mapema kwamba anayepiga simu kusema anaumwa hatalaumiwa, na aandae orodha ya watakaoitwa kushika nafasi yake. Pale ambapo hakuna wa kushika, mwenye mafua avae barakoa zamu nzima na apangiwe kazi za stoo, dawa na makaratasi, na chumba cha wachanga asiingie mpaka apone.