Kocha mpya, usibebe morali ya kila mchezaji

Ukishapata leseni yako na klabu ikakupa nafasi ya kocha msaidizi, ngoja mfungwe mechi mbili mfululizo. Viongozi hawatakuuliza habari za mfumo wala mazoezi. Watakuuliza: "Mwalimu, mbona vijana hawana morali?" Ukiwa mgeni utaitikia tu, na utaondoka pale ukiamini kwamba umeajiriwa kuwatia watu wazima hamasa kila mwisho wa wiki. Nimekaa kwenye mabenchi muda wa kutosha kukuambia kwamba swali hilo mara nyingi linapelekwa kwa mtu ambaye siye.

Mchezaji wa kulipwa hakuokotwa njiani. Amecheza ndondo kwenye viwanja vya vumbi, pengine amepita UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, amefanya majaribio klabu hii akakataliwa, akaenda nyingine. Hakufika hapo kwa hotuba ya kocha. Ari amekuja nayo mwenyewe, hivyo ukiiona inashuka, tafuta kwanza nani au nini kinaishusha, na orodha ya watuhumiwa ianze na wewe.

Watu wa riadha wanalielewa hili kuliko sisi wa soka. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, ndiye aliyemfuata kocha Patrick Sang, akiwa kijana huko Nandi, kumwomba programu ya mazoezi. Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, hakumfuata nyumbani kumbembeleza. Alimpa programu, kijana akaenda kuifanya, akarudi kuomba nyingine. Miaka mingi baadaye, pale kambini Kaptagat, utaratibu ulikuwa uleule: Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 au 40, na usafi wa kambi, vyoo vikiwemo, ni kwa zamu bila kujali nani ana rekodi gani. Kipchoge amekuwa akiandika mazoezi yake daftarini tangu 2003. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupigiwa kelele. Anahitaji kocha ambaye programu yake haibadiliki kwa hasira.

Ila tusidanganyane, soka si marathoni. Mkimbiaji akiwa fiti anakwenda kwenye mstari na saa inamhukumu. Mchezaji wa timu anaweza kuwa fiti wiki nzima na bado akakaa jukwaani kwa sababu wewe na kocha mkuu mmeamua hivyo. Hapo ndipo wajibu wetu unapokuwa mkubwa, na ndipo wageni wengi mnapoukimbia.

Chukua siku ya kusoma kikosi. Kiungo amefanya mazoezi vizuri, amesikia jina la mwenzake likitajwa kwenye nafasi yake. Anainama, anafungua kamba za viatu halafu anazifunga tena. Usimpite kama hujamwona, na usimwambie "vumilia, zamu yako itakuja" kama hujui itakuja lini. Mvute pembeni, umpe sababu ya kimpira: wapinzani wanapiga mipira mirefu, leo tunataka mtu wa mipira ya juu. Kisha umwambie unataka kuona nini wiki ijayo. Atakasirika, na ana haki. Lakini Jumatatu atakuja mazoezini akijua anafanyia kazi kitu gani. Yule uliyemdanganya naye atakuja, maana mkataba unamlazimisha, ila mbio zake utaziona.

Halafu kuna fedha, ambayo haimo mikononi mwetu lakini lawama zake tunazipata sisi. Zaire ya 1974 ni mfano ninaourudia kwa kila msaidizi mpya. Machi mwaka ule walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9, rekodi ya mashindano ya mwaka mmoja ambayo mpaka leo haijavunjwa. Juni wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. Walifungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia. Kocha alikuwa yuleyule, Blagoje Vidinić (kwa mkosi, naye Myugoslavia), na wachezaji wengi walewale. Wachezaji walieleza baadaye kwamba kabla ya mechi ile walijua bonasi zao zimeliwa, wakataka kugoma. Sasa niambie, Vidinić angesema neno gani kwenye chumba cha kubadilishia nguo likafuta hilo?

Kwa hiyo mishahara ikichelewa, usiwahutubie wachezaji kuhusu kuipenda jezi. Nenda na kocha mkuu kwa katibu, ulizeni tarehe, rudini mkawaambie wachezaji mlichojibiwa hata kama jibu ni "bado". Ahadi usitoe, kwa sababu fedha si yako. Na wakijituma chini ya kiwango wiki hiyo, punguza ukali wa maneno, usipunguze mpangilio wa mazoezi. Kambi ikianza kuchelewa kila kitu kwa sababu mshahara umechelewa, hapo timu imekwisha.

Hotuba za mapumziko zina nafasi yake, sikatai. Mara chache sana. Ukipiga kelele kila mechi, kufikia mzunguko wa pili wanakuangalia midomo tu, huku wanakunywa maji. Mimi dakika hizo napenda zitumike kueleza jambo moja au mawili ya uwanjani: beki wetu wa kushoto anaachwa peke yake, winga arudi. Mchezaji anayejua cha kufanya hupata nguvu ya kukifanya, na hiyo ndiyo hamasa ambayo kocha anaweza kuitoa bila kuigiza.

Wapo pia wachache ambao umewatendea haki, wamelipwa, wanacheza, na bado wanatembea uwanjani. Huyo si mzigo wako. Mwite mbele ya kocha mkuu, mwonyeshe video ya mechi yake mwenyewe, mpe muda wa kubadilika. Asipobadilika, dirisha dogo la usajili likikaribia andika kwenye ripoti alichofanya na asichofanya, zoezi kwa zoezi, na tarehe. Usiandike "hana morali", maana viongozi wakiliona neno hilo watamkata posho na yule aliyekuwa anaumwa kweli.