Sikiliza Mwisho wa Neno

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, wanafunzi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiniletea maneno mawili yanayofanana, nawaambia wafumbe macho kwanza. Macho ndiyo yanayowachanganya. Sikiliza sauti ya mwisho.

Kiswahili kimeshatuandaa, maana tunatofautisha s na z, f na v, th na dh. Kiingereza hutumia jozi hizohizo kutenga nomino na kitenzi katika maneno mengi. "Advice", yaani ushauri, huishia kwa s. "Advise", kushauri, huishia kwa z. "Belief" ni imani, kwa f. "Believe" ni kuamini, kwa v. "Breath" ni pumzi, na mwisho wake ni th ya thelathini; "breathe" ni kupumua, mwisho ni dh ya dhahabu, na irabu yake huvutwa. Hata "use", ambayo kwa maandishi haibadiliki hata herufi moja, ikiwa nomino ina s, ikiwa kitenzi ina z. Kama umezoea kusema "zahabu", uzoeze ulimi dh kabla ya yote. Utaihitaji kila siku. "Practice" na "practise", nomino na kitenzi kwa tahajia ya Uingereza, zisikusumbue: zote hutamkwa kwa s.

"Loose" na "lose" huwatesa wengi kwa sababu ya zile o mbili. Irabu ni moja, u ndefu. "Loose", kilicholegea, ina s; "lose", kupoteza, ina z.

Pagumu hasa ni kwenye mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili tunalipandisha mwanzoni bila kufikiri. Kiingereza hakina utii huo. "Desert", jangwa, hupanda mwanzoni. "Dessert", kitamutamu cha baada ya mlo, hupanda mwishoni. "Record" ikiwa nomino hupanda mwanzoni, ikiwa kitenzi mwishoni. Hapa wanafunzi wangu hugonga meza kwenye silabi yenye mkazo, na darasa linakuwa na kelele kweli, lakini linashika.

Nyumbani, acha kukariri orodha. Tunga sentensi moja yenye maneno yote mawili, uisome kwa sauti. Ukiwa na shaka, fungua kamusi: kamusi nyingi huweka kistari kidogo cha wima, juu, kabla ya silabi inayobeba mkazo.