Nyumba ya serikali au pesa ya kupangia? Mimi nimekaa zote mbili

Assalaam alaykum nyote. Ndugu yangu uloanzisha uzi, umeuliza kwa nini serikali zetu zihangaike kujenga majumba wakati zinaweza kuwapa masikini pesa ya kodi kama Uingereza, wakapange wanapopenda. Mimi nimezaliwa Michenzani Unguja na sasa nina miaka 15 hapa London, nshawahi kulipiwa kodi na serikali na saivi nakaa nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mtaa, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Mshahara wangu wa kuhudumia wazee majumbani haukutosha kodi ya vyumba viwili, nikaomba msaada, nikapewa. Sasa jueni kwamba hawakulipii yote. Tangu 2011 hesabu yao ni hii, ukizipanga nyumba 100 za kukodi za eneo lako kuanzia ya bei ya chini kabisa, wao wanasimama kwenye ya 30, hapo ndo kiwango. Halafu 2016 wakakigandisha miaka minne na huku mtaani kodi zinapanda kila uchao. Nilikuwa naongezea pauni 200 na ushei kila mwezi, na pesa yenyewe ndo ile ile ya chakula cha watoto watatu.

Ila kilichonifungua macho ni jirani yangu. Fleti nilokuwa nimepanga ilijengwa na kaunsili zamani. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, ikapitisha sheria wapangaji wauziwe nyumba za kaunsili kwa bei ya kupunguziwa, na mpaka leo England zimeshauzwa karibu milioni 2. Ya kwetu ikauzwa, ikauzwa tena, ikaishia kwa mtu mwenye nyumba zake kadhaa. Mlango wa pili alikuwepo bi mzee Mjamaika, yeye hakununua, bado mpangaji wa kaunsili. Siku moja tunakunywa chai akanionyesha karatasi yake ya kodi nikaisoma mara mbili, chini ya nusu ya yangu! Jengo moja, ngazi moja, vyumba vile vile, hata ukungu wa ukutani chooni ulikuwa mmoja umepita kwake ukaja kwangu, tofauti ni kwamba kwake walikuja mafundi wakaupiga dawa na mimi mwenye nyumba akanambia nifungue madirisha. Yaani serikali imeijenga nyumba kwa pesa ya wananchi, imeiuza kwa bei ya chini, na sasa inaikodi kupitia mgongo wangu kwa bei zaidi ya mara mbili. Msaada wa kodi Uingereza unakula zaidi ya pauni bilioni 20 kila mwaka na hauachi hata tofali moja.

Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Notisi miezi miwili, sababu hatoi, sheria ya wakati ule ilimruhusu. Natafuta nyengine kila tangazo limeandikwa No DSS, maana yake wanaolipiwa na serikali msijisumbue. Mahakama ya mji wa York huku England mwaka 2020 ilisema huo ni ubaguzi lakini mimi nilikuwa nshafukuzwa milango sijui mingapi. Tukawekwa hosteli, chumba kimoja watu wanne, miezi tisa, mwanangu mkubwa anapanda mabasi mawili kufika skuli na anafanyia homuweki kitandani. Nyumba ya kaunsili nimeipata baada ya kupanga foleni miaka saba.

Msidhani nasema kujenga kunatosha. Bibi yangu alikuwa na kibanda cha udongo Ng'ambo, kikabomolewa kupisha yale majumba kumi marefu ya Michenzani aloyaanzisha Mzee Karume kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki, akapewa fleti ghorofa ya tano. Akashukuru sana, ila maji hayapandi. Mimi nimekulia kwenye ngazi zile na ndoo ya lita 20 kichwani, alfajiri kabla ya skuli, ukifika ghorofa ya tatu unatua unavuta pumzi, sare ishalowa mgongoni na bado ghorofa mbili. Nyumba zilitolewa lakini pesa ya pampu na mabomba haikuwekwa pembeni. Pamoja na shida zote hizo bibi hakuja mtu kumwambia ahame. Mamangu kaolewa akitokea mle, mimi nimezaliwa mle, mama mdogo yumo mpaka leo.

Sasa nyumbani, mwenye nyumba Dar anataka miezi sita mkononi ndo akupe funguo. Serikali ikitangaza leo kila masikini anapewa laki moja ya kodi, kesho asubuhi chumba kimepanda laki moja, kwa sababu vyumba ni vile vile. Vikiongezeka ndo bei inatulia.

Msaada wa kodi usifutwe, wallahi usifutwe, nyumba inachukua miaka kujengwa na mtu alotolewa vitu nje usiku huu hawezi kuusubiri msingi ukauke. Uwe wa hao wanaosubiri, na mwenye nyumba anayeipokea pesa hiyo afungwe na mkataba wa miaka, asipandishe wala asitoe mtu ovyo. Na zikijengwa zisiuzwe, watu walipe kodi ndogo inayoingia kwenye mfuko wa matengenezo, si kwengine.

Na yule ndugu aloandika kwamba nyumba za serikali zinawalea watu wavivu, njoo usimame kwenye ngazi yetu saa kumi na moja alfajiri, milango minne inafungwa kwa zamu, dereva wa basi, mpishi wa hospitali, kijana anayesafisha maofisi, na mimi.