Kabla hujaomba rigi: kwa anayekabidhiwa visima vizee vya baharini

Mhandisi kijana akikabidhiwa jukwaa la baharini lenye visima vya mafuta vilivyochoka, mara nyingi kitu cha kwanza anachoomba ni rigi, mtambo wa kuchoronga na kukarabati visima. Namwelewa. Rigi inaonekana: inavutwa hadi kando ya jukwaa, inateremsha miguu yake sakafuni mwa bahari, na wakubwa wanaiona kutoka kwenye helikopta. Ila rigi ya namna hiyo hukodishwa kwa makumi ya maelfu ya dola kwa siku, soko likipanda hupita laki moja, na hapo bado hujalipia meli za huduma, mabomba wala saruji. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika Ghuba, upande wa Imarati, kwenye visima ambavyo vingine vilichorongwa kabla sijazaliwa. Umm Shaif, uwanja wa mafuta wa baharini huku, ilianza kusafirisha mafuta kupitia kisiwa cha Das mwaka 1962, kwa hiyo huku uzee wa kisima ni habari ya kila siku. Wadogo zangu wanaotoka Dar es Salaam na Dodoma na shahada zao za petroli huwa nawaambia hivi: mafuta mengi yanayopotea kwenye jukwaa zee utayakuta kwenye mafaili na kwenye vipimo, kabla hujagusa chuma.

Anza na visima vilivyofungwa. Kila jukwaa la zamani linavyo, na watu wamevizoea hata hawavioni tena. Chukua kimoja kimoja uulize kilifungwa lini, kwa amri ya nani, na siku ya mwisho kilikuwa kinatoa nini. Utakuta vingi havikufungwa kwa kukosa mafuta. Hiki kilisubiri kipuri, kipuri kikaja baada ya aliyekiagiza kuhamishwa. Kile valvu yake ya usalama, ile inayokaa ndani ya bomba chini ya sakafu ya bahari, ilishindwa jaribio la kuvuja, na bila valvu hiyo huruhusiwi kuzalisha. Sawa kabisa, sheria ni sheria. Lakini valvu iliyokufa mara nyingi haidai rigi. Mafundi wa waya, wanaoteremsha vifaa kisimani kwa waya, wanaweza kushusha valvu nyembamba ikakaa ndani ya ile ya zamani. Njia ya mafuta inabana kidogo, kisima kinarudi kazini.

Sababu nyingine ya kufungwa ni presha kwenye anulasi, yaani ile nafasi kati ya bomba la uzalishaji na mabomba ya nje yake. Hapa usikisie. Punguza presha taratibu, funga, kisha kaa uangalie geji. Ikishuka hadi sifuri na kubaki huko, huenda ilikuwa joto tu: kisima kilipata moto, majimaji yaliyofungiwa humo yakatanuka. Ikipanda tena, kuna mahali panavuja, na kazi yako inabadilika kuwa kutafuta ni wapi. Huku kwetu gesi yenye salfa iko kwenye visima vingi, kwa hiyo hata kufungua kivalvu kidogo cha anulasi kunataka kibali cha kazi, kifaa cha kunusa gesi kifuani, na mtu wa pili anayekutazama. Mwaka 1988 watu 167 walikufa kwenye jukwaa la Piper Alpha, bahari ya Uingereza, na mkasa ule ulianzia kwenye pampu iliyowashwa wakati valvu yake ya usalama imeondolewa kwa matengenezo, na zamu iliyoiwasha haikuwa na habari. Jukwaa zee lina matengenezo ya nusu nusu kila kona. Soma vibali vilivyo wazi kabla ya kunywa chai.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa ilipo.

Jukwaa kwa kawaida lina sepereta moja ya majaribio, tangi linalotenganisha mafuta, maji na gesi. Visima vinapitishwa humo kwa zamu, kila kimoja kipimwe mafuta, maji na gesi yake. Halafu kila siku jumla inayosafirishwa inagawanywa kwa visima kulingana na vipimo hivyo. Ikiwa kipimo ni cha uongo, kila uamuzi unaofuata ni wa uongo, hata uwe na programu ya kompyuta ya bei gani. Kwa hiyo jumlisha vipimo vya visima vyote ulinganishe na mita ya kusafirishia. Zikipishana sana, achana na modeli kwa sasa, nenda kwenye manifoldi, pale mabomba na valvu za visima zinapokutana.

Jukwaa moja nililofanyia kazi lilikuwa na kisima kilichoandikwa kwamba kinatoa maji karibu matupu, na kilikuwa kwenye orodha ya kuzibwa moja kwa moja. Mzee mmoja wa zamu, Mhindi aliyelijua jukwaa lile kwa kulisikiliza, akasema valvu ya kisima jirani haifungi vizuri. Tukafunga kisima jirani kabisa, tukapima upya kwa muda wa kutosha. Maji mengi yalikuwa ya jirani, yakipenya kuingia kwenye sepereta ya majaribio. Kisima "kilichokufa" kilikuwa kizima. Tangu hapo, mtu akinionyesha kipimo, nauliza kwanza kilichukua muda gani na valvu za jirani zilikaguliwa lini. Kisima kinachopumua kwa mawimbi, leo kikubwa kesho kidogo, ukikipima kwa saa chache utakipa sifa kisichokuwa nayo au utakidhulumu.

Mawimbi hayo yananileta kwenye gesi ya kuinulia mafuta. Hifadhi, yaani mwamba wenye mafuta chini ya ardhi, ikishapoteza presha na maji yakaongezeka, nguzo ya majimaji ndani ya bomba inakuwa nzito kuliko nguvu ya mwamba kuisukuma. Tunaingiza gesi kwenye anulasi, inapenya kupitia valvu zilizopangwa kwa kina tofauti, inachanganyika na mafuta na kuipunguzia nguzo uzito. Valvu za juu kazi yake ni kuanzisha tu. Kisima kikishaamka zinatakiwa kujifunga, gesi iingie kwenye ile ya chini kabisa. Kwenye visima vizee valvu za juu huchoka na kubaki wazi. Gesi inaingia juu, inatoka juu, na theluthi mbili za nguzo zinabaki nzito vilevile. Kwenye chumba cha udhibiti kila kitu kinaonekana sawa kwa sababu mita ya gesi inasoma. Dalili ni presha ya anulasi iliyo chini kuliko mpango wa kisima unavyosema. Waya ukishuka kupima joto na presha, unaona mahali gesi inapoingilia. Kubadilisha valvu hizo ni kazi ya waya ya siku chache, na sijui kazi nyingine baharini inayorudisha gharama yake haraka namna hiyo.

Kosa la pili la gesi ni kuamini kwamba ikizidi ndiyo vizuri. Kila kisima kina kikomo. Ukikipita, gesi yenyewe inajaza bomba, msuguano unakua na mafuta yanapungua. Gesi ya jukwaa haitoshi wote, na kompresa nazo zimezeeka. Kwa hiyo uliza: futi za ujazo elfu moja za gesi ya ziada zikienda kisima hiki zitaleta mafuta kiasi gani, na zikienda kile je? Mnyime anayezipoteza umpe anayezitumia. Hapa hakuna ununuzi wowote, ni kuzungusha choki tu, ile valvu ya kuongeza au kupunguza gesi, na huenda ndiyo maana hakuna anayeipigania mkutanoni.

Kuhusu magamba ya madini yanayoziba bomba: chukua sampuli kwanza. Yakiwa ya chokaa, asidi ya hidrokloriki itayayeyusha. Yakiwa ya bariamu salfeti, kama yanayosumbua Bahari ya Kaskazini pale maji ya bahari yanapokutana na maji ya mwambani, asidi hiyo haitafanya kitu. Miamba ya Ghuba ni ya chokaa, na asidi inapendwa mno huku, kupita kiasi kwa maoni yangu. Asidi hufuata njia nyepesi, na kwenye kisima kizee njia nyepesi mara nyingi ndiyo ya maji. Bila kuielekeza unaweza kuyapanulia maji mlango. Pia pima unene wa bomba kabla ya kuipitisha humo.

Kuna wakati rigi inahitajika kweli. Bomba likishaliwa na kutu, waya hauna la kufanya. Nyumbani tunalo hilo Songo Songo, pale Kilwa: gesi iligunduliwa 1974, ikafika Dar es Salaam 2004, na visima vilivyochorongwa zamani, mabomba yake yalipoliwa, vya baharini vililazimu kuletewa rigi mwaka 2015 ili mabomba yabadilishwe. Hapo usibane senti. Ila rigi ikija, ikute faili la kila kisima limekamilika, maana kila saa mnayobishana juu ya kina cha kizibo inalipiwa.

Jambo la mwisho huwakera mameneja. Jukwaa zee mara nyingi halizuiwi na mafuta, linazuiwa na uwezo wa kushughulikia maji. Kisima chenye maji mengi kinapandisha presha ya bomba la pamoja na kuwabana dhaifu wote. Kifunge kwa wiki moja, uangalie jumla ya jukwaa. Ikipanda, na nimeona ikipanda, kiache kimefungwa na uanze hesabu nyingine: tundu lake. Nafasi za visima kwenye jukwaa zimehesabika, na tundu la kisima kilichokwisha ni mahali pa kuchepushia kisima kipya kuelekea mafuta yaliyorukwa. Peleka hesabu hiyo kwa watu wa hifadhi mapema, kabla wa saruji, wanaokuja kukiziba kisima, hawajapangiwa tarehe.