Maswali ya Wasomaji: Fidelio ya Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimeisikiliza opera ya Beethoven iitwayo Fidelio katika rekodi iliyoongozwa na Otto Klemperer mwaka 1962, na sijawahi kuona haja ya kutafuta nyingine. Hivi karibuni rafiki yangu amenipa ile ya Wilhelm Furtwängler, iliyonaswa jukwaani mjini Salzburg mwaka 1950, naye anashikilia kwamba hiyo ndiyo yenye uhai na kwamba yangu inakwenda polepole kupita kiasi. Je, asemayo ni kweli? Tena, kwa nini rekodi nyingine zina mazungumzo na nyingine hazina? (Msomaji, Hamburg)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesikia jambo la kweli, lakini sikushauri uiache rekodi yako. Kwa faida ya wasioijua opera hii, inasimulia habari za Leonore, mwanamke anayevaa mavazi ya kiume, akajiita Fidelio na kuajiriwa katika gereza moja karibu na Sevilla, kwa kuwa anaamini kwamba mumewe, Florestan, amefungwa humo kwa siri na adui yake, Pizarro, gavana wa gereza hilo. Mkuu wa walinzi, mzee Rocco, anampenda kijana huyo mpya, na bintiye, Marzelline, anataka kuolewa naye.

Ni kweli kwamba Klemperer hana haraka. Hata hivyo, mwendo wake una sababu, na sababu hiyo utaisikia vizuri zaidi katika sehemu ya pili, pale Rocco na Leonore wanaposhuka shimoni kuchimba kaburi la mfungwa ambaye Leonore bado hajaweza kumtambua. Beethoven ameziweka chini kabisa ala zenye sauti nzito kuliko zote katika okestra, na Klemperer anaziacha zivute kwa uzito wake, hata msikilizaji anauhisi ugumu wa kila jiwe linaloinuliwa. Wapo waongozaji wanaoikimbiza duweti hiyo, na wakifanya hivyo inabaki kuwa muziki mzuri wa watu wawili wenye shughuli. Kwa Klemperer ni mwanamke anayechimba kaburi ambalo huenda ni la mumewe, na hathubutu kulia.

Opera hii pia ilikuwa na historia ndefu katika maisha ya Klemperer. Alipofungua msimu wake wa kwanza katika jumba la opera la Kroll mjini Berlin mwaka 1927 alichagua Fidelio, na mwaka 1933 alilazimika kuihama Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka, kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Sidai kwamba mateso humfanya mtu kuwa mwanamuziki bora. Lakini ninapoisikiliza rekodi hii siwezi kuamini kwamba kwake yeye gereza lilikuwa pambo la jukwaani tu.

Sasa nimpe rafiki yako haki yake. Furtwängler wa Salzburg anawasha moto ambao Klemperer hautafuti. Tarumbeta inapolia nje ya jukwaa kutangaza kwamba waziri amefika, na Pizarro akashindwa kumuua Florestan, Leonore na Florestan wanaimba duweti ya furaha ambayo kwa Furtwängler inakaribia kuwaponyoka waimbaji wenyewe. Kisha anapiga utangulizi uitwao Leonore namba 3 kabla ya onyesho la mwisho, desturi ambayo wengi huihusisha na Gustav Mahler alipokuwa Vienna. Kwa kawaida siipendi desturi hiyo, kwa sababu inatusimulia upya kisa ambacho tumekwisha kukiona. Lakini usiku ule Wanafilharmoniki wa Vienna walipiga kwa namna inayoyanyamazisha malalamiko yangu yote. Kirsten Flagstad, aliyekuwa na umri wa miaka 55, ana sauti kubwa kama bahari, ingawa ni vigumu kuamini kwamba Marzelline angemdhania kuwa kijana wa kiume. Christa Ludwig katika rekodi yako ni mezo, yaani mwenye sauti ya kike iliyo chini ya soprano, na noti za juu za wimbo wake mkuu, ule unaosindikizwa na ala tatu za pembe, anazifikia kwa juhudi inayosikika. Mimi naithamini juhudi hiyo, kwa kuwa Leonore ni mtu mwenye hofu anayejikaza.

Kuhusu mazungumzo, Beethoven aliandika opera ya aina ya Kijerumani ambayo nyimbo zake huunganishwa na maneno ya kusemwa. Furtwängler aliporekodi tena studioni mwaka 1953, akiwa na Martha Mödl na Wolfgang Windgassen, mazungumzo yaliondolewa. Hasara yake ni kubwa. Ule wimbo wa watu wanne katika sehemu ya kwanza, ambapo kila mmoja anaimba siri ya moyo wake kwa sauti ya chini, unachipuka kutoka katika maneno ya kawaida ya nyumbani kuhusu posa ya Marzelline. Maneno hayo yakikosekana, muujiza huo unatokea mahali ambapo hakuna maisha ya kawaida ya kukatizwa nao. Klemperer ameyapunguza mazungumzo, lakini yaliyobaki yanatosha.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na wanaume katika kwaya yangu wanajifunza wimbo wa wafungwa kutoka opera hiyohiyo. Wanaimba kwa nguvu mno. Niwasikilizishe rekodi ipi? (Mwalimu wa kwaya, Moshi)

JIBU: Mwalimu, wasikilizishe ile ya Claudio Abbado, iliyorekodiwa Lucerne mwaka 2010, ambamo kwaya ni Arnold Schoenberg Chor ya Vienna. Wafungwa hawa wametolewa uani kwa muda mfupi tu wavute hewa safi, na baada ya muda mmoja wao anawaonya wenzake waseme taratibu kwa kuwa wanasikilizwa na kutazamwa. Waimbaji wa Abbado wanaanza kama watu ambao macho yao yanaumizwa na mwanga, na hata sauti zinapopanda hawasahau kwamba walinzi wapo. Neno la uhuru lisiimbwe kwa kifua kilichojaa. Wanaoliimba bado hawana uhuru huo.

Waeleze pia waimbaji wako kilichotokea Dresden tarehe 7 Oktoba 1989, siku ambayo Ujerumani Mashariki ilikuwa ikiadhimisha miaka 40 tangu kuundwa kwake huku mitaa ya mji ikiwa na maandamano na askari. Fidelio ya mwongozaji wa maigizo Christine Mielitz ilizinduliwa jioni hiyo, jukwaa likiwa limezungushiwa uzio wa waya wa miba, na wimbo huu ulipomalizika watazamaji walipiga makofi hata onyesho likasimama.

SWALI: Je, kuna tenori aliyempita Jonas Kaufmann katika wimbo wa Florestan shimoni? Namna anavyolianza neno la kwanza hunisisimua mwili mzima. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, uliyemsikia ni Kaufmann wa rekodi hiyohiyo ya Abbado. Neno hilo, ambalo ni jina la Mungu, analianza kwa sauti iliyo karibu na kimya na kulikuza polepole mpaka linajaza ukumbi, na kwa ufundi wa pumzi sijui aliyemzidi. Lakini ufundi wenyewe unanifanya nimfikirie mwimbaji kabla ya mfungwa. Jon Vickers, katika rekodi ya Klemperer, anaimba kwa uchungu usiojali uzuri, na baadaye, obo, ala ya kupulizwa, inapomletea njozi ya mkewe kama malaika, anaifuata kama mtu mwenye homa. Julius Patzak wa Salzburg ana sauti nyembamba, kavu kidogo, ya mtu ambaye kweli amekuwa akipewa mkate kidogo na maji machache kwa amri ya Pizarro. Kati ya hao watatu namchagua Patzak, na nakuomba umsikilize zaidi ya mara moja kabla hujakataa, kwa sababu mara ya kwanza mikwaruzo ya rekodi ya mwaka 1950 itakuzuia kusikia jinsi anavyotamka.