Maswali ya Wasomaji: Gari la Theluji la Mbao katika Gereji ya Nyumbani

SWALI: Shikamoo mzee wangu fundi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka tisa sasa ninaishi Winnipeg, Kanada, ambako ninafanya kazi ya ufundi wa malori. Mwezi wa nne nilinunua kwa mvuvi mmoja wa Ziwa Winnipeg gari kuukuu la theluji, lile la mbao lenye madirisha ya duara na minyororo ya kuendea nyuma, kama ya buldoza, ambalo watu wa huku huliita "bombardier" tu. Lilikuwa limekaa nyuma ya banda lake zaidi ya miaka ishirini. Bodi imeoza sehemu ya chini na kuzunguka madirisha, mikanda ya minyororo imepasukapasuka, na injini, ambayo ni Chrysler ya silinda sita, imekwama haizunguki kabisa. Gereji yangu ni ya gari moja, na mke wangu amenipa mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo gari litoke likitembea au litoke likivutwa. Nilipanga kuanza na injini kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Je, nifuate mpango huo, au niitoe niweke ya kisasa? Mikanda nitaipata wapi? Tena watoto wananiuliza kila siku ni lini nitawapeleka ziwani.

JIBU: Marahaba mwanangu, na umfikishie mkeo salamu zangu, maana mwaka na nusu aliokupa ni muda wa haki, na mafundi wengi ninaowafahamu hawakupewa hata nusu yake.

Usianze na injini. Najua mkono wa fundi huenda wenyewe kwenye kazi unaoizoea, lakini katika gari hili injini ndiyo sehemu inayopatikana kwa urahisi kuliko zote. Ile familia ya injini za Chrysler zenye valvu kando ya silinda ilifungwa katika magari madogo, malori na mashine za viwandani kwa miongo kadhaa, kwa hiyo gasketi, pistoni na beringi zake bado zinauzwa. Bodi ya mbao na mfumo wa minyororo havina duka. Ukitumia mwaka mzima na fedha zote kwenye injini, kisha ukagundua kwamba fremu ya mbao haiwezi tena kushika milango, utabaki na injini nzuri sana iliyofungwa ndani ya kuni.

Gari lako huenda ni la aina ya B12, nalo lina historia inayokusaidia kulielewa. Lilibuniwa na Joseph-Armand Bombardier, makanika wa kijiji cha Valcourt katika jimbo la Quebec, aliyezaliwa mwaka 1907. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake mdogo alifariki kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia na hakuweza kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya gurudumu la meno lililofunikwa mpira pamoja na mnyororo wake, akaanza kuuza gari la B7, la watu saba, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 likafuata B12, la watu kumi na wawili. Madaktari, wabeba barua, mapadri na watoto wa shule walisafiri humo, hadi mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipoamua kwamba barabara za vijijini zisafishwe theluji wakati wote wa baridi, na soko likaanguka. Wavuvi wa maziwa ya Manitoba, jimbo lako hilo, ndio walioendelea kuyatumia, kwa sababu ziwa lililoganda halina barabara ya kusafishwa. Ndiyo maana gari la namna hiyo mara nyingi huwa limepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza bolti yake.

Tuje kwenye mbao, ambako ninataka uweke jitihada zako nyingi. Mtu wa Pangani hahitaji kufundishwa kwamba chombo ni mataruma kwanza, yaani mbavu za ndani, mbao za nje baadaye. B12 nayo imejengwa kwa mtindo huohuo, mbavu za mbao zikiwa ndani na plaiwudi ikiwa imepindwa na kufungwa juu yake. Kuna tofauti moja kubwa. Katika jahazi, mataruma hubeba sehemu kubwa ya kazi, na mjenzi hutafuta mti uliojipinda wenyewe ili nyuzi za mbao zifuate mviringo. Katika gari hili mbavu ni nyembamba, na ugumu wa bodi nzima unatokana na plaiwudi kuzishika kila upande. Kwa hiyo usiivue bodi yote kwa mara moja. Ukifanya hivyo, mbavu zitajikunja kidogo pasipo wewe kuona, na utakapotaka kurudisha milango na vioo utakuta hakuna duara linalokubali kioo chake. Kabla ya kuondoa ubao wa kwanza, funga mbao za kukingama ndani, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili na kutoka sakafu hadi paa, pima pembe kwa pembe, andika vipimo ukutani, kisha fanya kazi upande mmoja baada ya mwingine.

Ili kujua uozo umefika wapi, tumia bisibisi nyembamba na uchome kila baada ya sentimita kumi, ukianzia kizingiti cha mlango, kona za sakafu ambako theluji iliyobebwa na viatu huyeyuka, sehemu ya chini ya kila dirisha, na mbao zilizo jirani na injini ambazo zimelowa mafuta. Zile za mafuta ndizo zinazodanganya watu: zinaonekana nzima, lakini gundi haitazishika hata ukizisugua kwa msasa siku nzima, na ni afadhali uzikate. Vipande vilivyooza usivitupe hadi mwisho, kwa sababu hata ubavu uliobaki nusu ni kielelezo bora kuliko picha yoyote. Chora umbo lake kwenye kadibodi, kisha tengeneza mpya kwa kubandika vipande vyembamba vya mbao juu ya kalibu. Plaiwudi iwe ile ya mashua, yenye gundi isiyoachia kwa maji, na kingo zake zote, pamoja na kila tundu la skrubu, zipakwe gundi ya epoksi kabla ya rangi, maana plaiwudi hunywa maji kupitia kingo kuliko kupitia uso. Kalafati ya pamba na mafuta uliyoiona kwa wazee usiilete huku, kwani ubao wa mashua huvimba majini na kujiziba, ilhali bodi ya gari hukauka na kulowa kila wiki. Tumia gundi laini inayovutika.

Hili la gundi ya epoksi lina kalenda yake. Epoksi nyingi huganda polepole mno au hazishiki kabisa kwenye baridi, na chini ya nyuzi 10 mimi nisingejaribu. Kazi ya kubandika ifanye kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Theluji ikianguka, ndipo uifungue injini yako, kwa kuwa chuma hakijali baridi kama gundi inavyojali. Na minyororo uimalizie majira ya joto yanayofuata.

Tahadhari moja kabla ya msasa wa kwanza: rangi za zama hizo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na gereji yako bila shaka imeungana na nyumba yenye watoto. Usisugue rangi kuukuu ikiwa kavu. Ilainishe, uikwangue ikiwa mbichi, vaa barakoa ya vichujio, na nguo za kazi zisiingie ndani. Bitana za breki na za klachi zichukulie kuwa zina asbesto, na usizipulize kwa hewa ya kompresa kama tulivyozoea zamani.

Kuhusu minyororo, kila upande una mikanda ya mpira yenye nyuzi za kitambaa ndani, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na gurudumu la meno husukuma vyuma hivyo. Mikanda mipya hukatwa kutoka kwenye mpira wa mikanda ya kusafirishia mizigo viwandani, na wenye magari haya wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Muulize muuzaji kiwango cha baridi ambacho mpira wake unastahimili, kwa sababu aina za plastiki hukakamaa na kupasuka Winnipeg inapofika nyuzi 30 chini ya sifuri. Jambo linaloharibu kazi nzuri ya watu, hata hivyo, ni matundu. Tuseme mnyororo wako una vyuma 60: ukikosea milimita moja tu kwa kila tundu, na makosa yote yakaelekea upande mmoja, mwisho wa mkanda utakuwa umepotea sentimita 6, mkanda wa kulia hautalingana na wa kushoto, na gari litavuta upande au litaruka meno. Tengeneza kalibu ya chuma yenye matundu matatu, ambayo mawili hushikwa kwa pini kwenye matundu yaliyokwisha kutobolewa na la tatu huongoza keekee. Lakini kila baada ya matundu kumi pima kutoka mwanzo wa mkanda, si kutoka tundu la mwisho. Vyuma vilivyopinda vinyooshe, vyenye ufa vibadilishe, na mpira wa gurudumu la meno ukiwa umeliwa hadi chuma kimetokeza, peleka gurudumu kwa watu wanaovisha mpira rola za viwandani.

Injini sasa. Toa plagi, mimina mafuta ya kupenya kutu katika kila silinda, uiache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa spana mbele na nyuma, kidogo kidogo. Usitumie stata hata kama una haraka. Ikikataa, fungua kichwa cha silinda, kazi ambayo katika injini hizi ni nyepesi kwa kuwa valvu zimo ndani ya bloku, na utaona kwa macho ni silinda ipi iliyoshikwa na kutu. Ukiwa umefika hapo, toa pampu ya maji na uvute bomba bapa la chuma lililopo nyuma yake, linalogawa maji kwa urefu wa bloku. Bomba hilo huliwa na kutu bila kuonekana, na injini ambayo kila mtu anadhani imepona huchemsha silinda za nyuma hadi valvu zinaungua. Fungua na sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ukombe tope lote. Injini ya kisasa siikatazi, na wavuvi wengi waliiweka kwa sababu walihitaji kula. Lakini kwako wewe, usiyetegemea gari hili kwa riziki, sioni kwa nini ukate fremu uliyoihangaikia. Waya zote weka mpya, na ukumbuke kwamba Chrysler za zama hizo zilitumia volti 6 huku chanya ya betri ikifungwa kwenye bodi, kinyume cha malori yako.

Kuhusu watoto na ziwa: injini imo nyuma ya abiria, ndani ya bodi hiyohiyo, kwa hiyo ekzosi iwe mpya na kizuizi kati ya injini na viti kisiwe na tundu hata moja, na ndani kuwe na kifaa cha kugundua kaboni monoksidi. Lipime gari kwenye mizani ya malori likiwa na watu na mafuta. Barafu safi, ile angavu kama kioo, yenye unene wa sentimita 30 hadi 38 huhesabiwa kuwa inatosha kubeba pikapu; barafu nyeupe ina nusu tu ya nguvu hiyo, basi unene uwe maradufu. Kifuniko cha dharura cha paani kifunguke kwa mkono wa mtoto, kutoka ndani, na mara ya kwanza ziwani nenda bila wao, pamoja na mvuvi aliyekuuzia.

SWALI: Mimi niko Morogoro na sijawahi kuona theluji, ila nimeshangaa kusikia gari la mbao katika nchi yenye viwanda vya chuma. Kwa nini halikuundwa kwa bati?

JIBU: Ndugu yangu, kwa sababu ya uzito kwanza. Theluji laini hubeba kitu kwa kadiri uzito wake unavyosambaa, kama tope la mikoko ambalo mguu mtupu huzama na ubao haudidimii. Minyororo mipana husambaza uzito, nayo bodi nyepesi huupunguza. Pili, bati tupu katika baridi ile hugandisha pumzi ya abiria ukutani, ilhali mbao huhifadhi joto. Na tatu, Bombardier alikuwa akijenga kijijini, ambako maseremala walikuwapo tayari.